Ombi la Kulifunga Jalada la Wazi la Benki Yetu

Kibanda cha Funguo na Mihuri,
Nyuma ya Soko, Mkabala na Choo cha Kulipia.

Mkurugenzi wa Leseni za Benki,
Ghorofa ya Pili, Mlango wa Kijani.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUANIKWA KWA MAMBO YANGU YA NDANI KATIKA CHUMBA CHENU CHA KUSOMEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi wa funguo na mihuri, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama arobaini na mmoja, na mwombaji mkuu wa leseni ya benki ndogo ambayo jina lake nalihifadhi, ingawa nyinyi mmelibandika kwa herufi kubwa kwenye ubao wa matangazo chini ya ngazi. Mtaani naitwa Profesa. Naandika nikiwa na akili timamu, shati limepigwa pasi, na moyo umenijaa hadi shingoni.

Kwa faida ya yeyote ofisini kwako ambaye bado hajalisoma jalada langu, kama yupo, nieleze kwa kifupi. Utaratibu wenu unasema ombi la leseni ya benki ligawanywe mafungu mawili. Fungu la kwanza huwekwa kwenye jalada la wazi, mezani, kwa siku thelathini, ili mwananchi yeyote alisome na kuandika maoni au pingamizi. Fungu la pili ni la siri. Anayetaka ukurasa uwe wa siri autenge, augonge muhuri wa SIRI, kisha aandike sababu: ni madhara gani yatampata ukurasa huo ukisomwa.

Mimi, kwa kuwa mihuri ndiyo inayoniweka mjini, nilichonga muhuri mpya wa SIRI KABISA, mpira wa daraja la kwanza, mpini wa mti uliopigwa msasa, nikaugonga kwenye kurasa zote mia moja na kumi na nne. Niligonga bahasha. Niligonga risiti ya malipo ya ombi. Na kwenye nafasi ya sababu niliandika mara moja tu, kwa kurasa zote kwa pamoja: "Watu wa nyumbani."

Mkanijibu kwa barua ya mistari minne kwamba sheria inalinda siri za biashara na usalama wa benki, na kwamba watu wa nyumbani si madhara yanayotambulika. Hapo ndipo tulipoachana njia. Mheshimiwa, watu wa nyumbani ni madhara yanayotambulika kabisa. Mimi nawatambua kwa kikohozi tu, wakiwa bado uani.

Leo ni siku ya ishirini na sita tangu jalada lifunguliwe. Zimebaki nne. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Fomu yenu ya wasifu iliniagiza niandike historia yangu ya kazi kwa ukweli mtupu, na chini yake mkaweka onyo la kifungo. Nikaingiwa na woga, nikasema kweli. Niliandika: mlinzi wa mlango wa benki, miaka kumi na tisa. Kabla ya siku hiyo ukweli huo haukuwahi kutoka nje ya ndoa yangu. Mke wangu aliujua, maana tulifahamiana pale pale mlangoni, yeye akija kuweka hela za duka lao la nafaka. Lakini kwa wakwe nilijulikana kama mtu wa benki, idara ya mapokezi. Na si uongo huo. Kila mteja aliyeingia nilimpokea mimi kwanza, na wengine niliwapokea hadi mifukoni. Sasa ukoo mzima wa mke wangu umejua kwamba mapokezi yenyewe yalikuwa na kirungu. Shemeji yangu mkubwa, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akisimama kunipokea nikiingia sebuleni, wiki iliyopita alinisalimia akiwa amelala kwenye kochi, na mguu mmoja ameuweka juu ya mto.

2. Ukurasa wa kumi na saba unasema nimesoma hadi darasa la saba. Kinyozi wa jirani na kibanda changu, mtu ambaye nimemtengenezea funguo tatu bila kumtoza kitu, alikuja hapo kwenu, akatoa kopi ya ukurasa huo kwa hela yake mwenyewe, na ameubandika kwenye kioo chake, juu kidogo ya bei za kunyoa. Wateja wanausoma wakiwa wamefungwa shuka shingoni, hawana pa kukimbilia. Mtu aliyepanda daraja la uprofesa kwa miaka kumi na minne, kwa juhudi zake binafsi, kwa kuvaa miwani na kubeba gazeti, amevuliwa cheo na mashine ya kutolea kopi.

Namba ifuatayo naomba uisome ukiwa umekaa.

3. Sehemu ya tatu ya fomu inauliza: "Taja udhaifu wako mkubwa kama kiongozi." Nikajiuliza moyoni, hivi hawa ni watu wazima wa serikali, wameshika mihuri ya nchi, nitawadanganyaje? Nikaandika: "Namuogopa mama mkwe."

Mheshimiwa, mama mkwe wangu amekuja kusoma. Amekuja na chupa ya chai na kamto kake ka kukalia, maana viti vyenu ni vya chuma. Mama wa masijala, yule mtunza jalada wenu, ananiambia kwamba alipofika kwenye mstari huo aliusoma kimya, kisha kwa sauti, kisha akaomba asomewe na mtu mwingine ili ahakikishe macho yake hayamchezei. Alifurahi mno, nimeambiwa. Tangu siku hiyo anakuja kwangu mara tatu kwa wiki, anakaa sebuleni akinitazama, hasemi kitu, anataka tu kuona. Nami siwezi kumficha, jasho linanitoka hadi kwenye visigino.

4. Kati ya kurasa zote nilizogonga muhuri, mmekubali kuficha mmoja tu, mchoro wa chumba cha kuhifadhia fedha. Nawashukuru kwa hilo, ila hebu tufikirie pamoja. Mwizi hajui sefu yetu itakaa wapi, lakini mama mkwe anajua nilisimama mlango gani, kwa zamu ipi, na kwa viatu vya aina gani, maana mliniuliza hadi sare. Wezi mmewanyima, wakwe mmewapa. Mimi katika maisha yangu yote nimeibiwa mara moja, na ilikuwa baiskeli. Wakwe wamenitembelea mara ngapi? Ofisi yenye wasomi wengi kama yenu ingeweza kukokotoa ni upande gani hatari ni kubwa zaidi.

5. Sasa nije kwenye mali. Mpango wa biashara ulioambatanishwa, kurasa sitini na moja, niliuandaa mimi kwa jasho langu, kama inavyoonekana kwenye nafasi ya "Jina la mwandaaji". Mpango huo si wa mchezo. Umehesabu kila meza ya sokoni. Unajua wauza nyanya huchukua hela siku gani na wauza mitumba hurudisha siku gani. Unajua kwa nini benki kubwa haziwataki wachuuzi, na kwa nini wachuuzi nao hawaziamini, na nini kifanyike ili wakae meza moja. Kuna jedwali la wauza mayai ambalo, nikilitazama, hata mimi hunishangaza.

Sasa wale wa kikundi cha stendi, ambao nao wanataka benki yao, wanakuja hapo kwenu wawili wawili kila Jumanne. Wanakaa na madaftari wakinakili jedwali la mayai. Sheria yenu inasema siri ya biashara inalindwa. Mlipokataa, mlisema sikueleza sababu inayotambulika. Nilieleza. Niliandika watu wa nyumbani. Ningejua mnawaogopa watu wa stendi kuliko watu wa nyumbani, ningewaandika hao.

6. Nafika sasa kwenye lalamiko ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, na mengine yote ni ya kuchangamsha mikono tu.

Mke wangu hasemi nami. Leo ni siku ya kumi na nane. Siku ya nane tangu jalada lifunguliwe alikuja hapo kwenu akasoma kuanzia asubuhi hadi mnafunga. Aliporudi nyumbani alivua kanga, akaikunja, kisha akaenda kuwasha jiko. Tangu hapo sijasikia neno lake lililonielekea mimi. Chakula anapakua, anakiweka mezani, anasema "chakula" akiuangalia ukuta. Nikimwuliza kitu, anamjibu paka. Na paka si wetu, ni wa jirani.

Huyu ni mwanamke ambaye tumezungumza naye bila kupumzika kwa miaka ishirini na mbili. Ni katibu wa kikundi chetu. Ndiye anayejua kila mwanachama anaumwa nini na mtoto wake yuko darasa la ngapi. Nilizoea kumsikia akiongea jikoni hata kama mimi niko bafuni na maji yanamwagika, nikawa naitikia tu. Sasa nyumba imekuwa kimya, nasikia saa ya ukutani, na saa yenyewe ni mbovu.

Na bado kila asubuhi, saa tatu, anakuja hapo kwenu. Anakaa kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha na daftari lake, anapekua ukurasa mmoja mmoja, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta sindano. Mama wa masijala amenihakikishia kwamba amelimaliza jalada mara nne.

Anatafuta nini? Mimi najua. Mlango wangu, darasa langu la saba na kirungu changu alivijua siku zote, alivikubali, akavifunga moyoni. Kilichomuumiza ni kuona vimetolewa nje, mbele ya kaka zake, mbele ya mama yake, mbele ya kinyozi. Ameaibika kwa ajili yangu. Anasoma ili ajue aibu inaishia ukurasa wa ngapi. Hii ndiyo kazi ya jalada lenu la wazi, Mheshimiwa: limemwonyesha mke wangu mambo ambayo tayari anayajua, na kwa sababu hiyo nimempoteza ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikipata leseni na mke wangu bado anazungumza na paka, nitafungua hiyo benki na nani?

7. Kwa hayo yote, naleta maombi, nikiyapanga kwa unyenyekevu kuanzia dogo.

Kwanza naomba wasifu wangu uhamishiwe kwenye jalada la siri leo hii kabla ya saa tisa, maana mama mkwe huja alasiri. Mpango wa biashara nao uhamishwe, kwa sababu ya watu wa stendi. Jina la benki lifutwe ubaoni, kwa kuwa mtu akiona jina atauliza ya nani, na akijua ya nani atataka kusoma. Na mahali itakapokuwa pasitajwe kabisa. Benki yetu haitakuwa na kibao. Itakuwa na mlango wa kawaida wa mbao, na mteja makini atahisi mwenyewe.

Nimetafakari pia suala la wateja. Mteja ni mtu wa nyumbani wa mtu fulani. Mkimwambia mteja, mmemwambia shemeji wa mteja. Kwa hiyo naomba wenye kuweka akiba wasijulishwe kwamba wameweka akiba. Wakurugenzi wenzangu, ambao ni fundi viatu, mama wa nafaka za jumla na mstaafu mmoja wa posta, nao wasijulishwe kwamba ni wakurugenzi; fundi viatu hasa, ana mdomo. Na uamuzi wenu wa mwisho kuhusu leseni, mkiutoa, naomba uwe siri hata kwangu mimi mwombaji. Mkinikubalia, nyamazeni. Mkinikatalia, nyamazeni vilevile. Nitaendelea kuchonga funguo zangu kwa amani, nikijua kwamba mahali fulani, kwenye kabati lenu la chuma lenye kufuli (na kufuli hilo ni jepesi, nililiona, naweza kuwabadilishia kwa bei nzuri), kuna benki yangu salama ambayo hakuna mtu yeyote duniani anayeifahamu.

Naamini hayo hayazidi uwezo wa ofisi yenye ghorofa mbili.

Nimalizie kwa salamu. Msalimu mama wa masijala, mwambie nashukuru kwa taarifa zake ingawa kila moja imenipunguza kilo. Msalimu mlinzi wenu wa mlangoni, mwambie atafute viatu vya soli ya mpira, vya ngozi vitammaliza magoti. Wasalimu wasomaji wote wa jalada langu mtakaowakuta mezani, kila mmoja kwa ukurasa wake. Nami nabaki raia wenu mtiifu, ninayesubiri jibu ambalo nimeshaomba msinipe,

Mwombaji Mkuu,
Fundi wa Funguo na Mihuri
(aliyekuwa Profesa)

Nyongeza, iliyoandikwa kwenye benchi la nje ya chumba chenu cha kusomea, siku hiyo hiyo:

Mheshimiwa, barua hii niliileta mwenyewe kwa mkono. Mke wangu alikuwa ameshaondoka humu kwenda sokoni. Mama wa masijala alinipokea, akaniambia kwamba mwombaji ana haki ya kusoma maoni ya wananchi, na kwamba kwa siku zote ishirini na sita mimi peke yangu ndiye sijakanyaga humo. Nikaingia, nikakaa kwenye hivyo viti vyenu vya chuma.

Kuna maoni ya kinyozi. Ameandika kwamba yeye kwa profesa asingeweka hata shilingi, ila mtu aliyesimama mlangoni miaka kumi na tisa na hakuna kilichopotea, huyo atamwekea hela za kibanda chote. Kuna ya mama mkwe, kwa mwandiko mkubwa: mkwe wake ni mwoga, mwoga hatoroki na hela za watu, apewe leseni. Nilisoma nikatafuta pa kuficha uso.

La tatu ni pingamizi. Ndilo pingamizi pekee jaladani. Mwandiko wake niliujua kabla sijasoma neno, maana ndio ule ule ulioandika kurasa sitini na moja. Linasema hivi:

"Mimi ni mke wa mwombaji. Mpango wa biashara niliuandika mimi, mwaka mzima, meza kwa meza. Nimelisoma jalada lote nikitafuta jina langu, halimo. Leseni isitolewe hadi liandikwe."

Ni kweli, Mheshimiwa. Jedwali la mayai ni lake. Yote ni yake. Yeye alikuwa akiandika upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili nikigonga muhuri, na nilipofika kwenye "Jina la mwandaaji" niliandika langu bila hata kusita, nikaona ni kawaida. Nilidhani ameumia kwa sababu mimi nimeanikwa. Kumbe katika nyumba yetu aliyefichwa ni yeye, na aliyemficha ni mimi, wala sikuhitaji muhuri. Nimeona haya kuliko siku zote ishirini na sita zikijumlishwa.

Kwa hiyo maombi yangu yote ya hapo juu nayaondoa. Jalada liacheni wazi. Najua uongo kwenye fomu yenu ni kosa na onyo nililiona; mkinihitaji, kibanda changu ni hapo nyuma ya soko, niko kila siku hadi jioni. Ila benki msiwanyime wale arobaini na mmoja kwa kosa langu. Mama wa masijala amenipa fomu ya marekebisho yenye kopi ya ukurasa ule wa mwandaaji. Jina langu nimelikata kwa mstari mmoja, kama maelekezo yanavyotaka, ili lililokatwa lisomeke, na juu yake nimeandika la mke wangu, yote matatu, kwa herufi kubwa.

Barua hii sijaigonga muhuri wowote. Nyumbani hatuongei, na sijui nitamwambiaje kwa mdomo. Naomba muiweke juu kabisa ya jalada pamoja na fomu hiyo. Huwa anafika saa tatu.